Nampeleka mama wa miaka 82 kusali misa Bagamoyo, naombeni maelekezo

Mjukuu wa Katekista (Nkuhungu, Dodoma)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Naomba msaada wa mliowahi kusali misa ya Dominika pale misheni ya Bagamoyo, hasa mliokwenda na mzee.

Mama yangu ana miaka 82. Kwao ni Haubi, Kondoa, lakini tangu baba afariki anaishi kwangu hapa Nkuhungu. Baba yake alikuwa katekista. Alitembea kwa miguu kigango hadi kigango (vituo vidogo vya sala vya parokia), na watoto wake aliwafundisha mwenyewe sala na maswali ya katekisimu jioni wakipukuchua mahindi. Babu alikuwa akisema mapadri waliomfundisha yeye walitokea Bagamoyo, na kwamba kabla hajafa angependa kusali kule hata mara moja. Hakujaliwa. Baada ya Pasaka mwaka huu mama akaniambia, "Mwanangu, nipeleke nikasali misa moja tu, nimwombee baba palepale alipotaka kufika."

Tumepanga Septemba. Ijumaa treni ya SGR mpaka Dar, tunalala kwa dada yangu Kimara, Jumamosi tunaingia Bagamoyo, Jumapili misa, Jumatatu tunarudi.

Yapo mambo mawili yananinyima usingizi. Mwaka juzi tulikuwa safarini mji mwingine, tukataka kusali katika kanisa moja la zamani ambalo watalii wanalitembelea sana. Kijana wa mlangoni akatutaka tulipe kiingilio kwanza. Nikamweleza kwamba tumekuja misani, akasema wote wanasema hivyohivyo. Mpaka tumalizane naye, Injili ilikuwa imeshasomwa. Mama hakusema neno siku nzima. Sitaki limkute tena.

Jambo la pili ni afya. Mama ana sukari, anameza vidonge asubuhi na jioni. Lakini akijua atapokea komunyo hali kitu tangu usiku wa manane, hata maji hanywi. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Hapa nyumbani misa ya kwanza ni alfajiri na kanisa liko jirani, kwa hiyo anamudu. Safarini itakuwaje? Nikimwambia ale ananijibu, "Ninyi vijana mmelegeza kila kitu."

Dereva wa Kizota

Milele, amina. Mimi nijibu la usafiri tu.

SGR inamfaa sana mzee. Ni kati ya saa tatu na nusu na saa nne, choo kimo ndani, na hakuna kurushwa na mashimo. Mara ya mwisho daraja la kawaida nililipa 31,000. Kata tiketi mapema kwa sababu Ijumaa watu ni wengi, na fikeni stesheni saa nzima kabla maana kuna ukaguzi wa mizigo. Magari ya Bagamoyo mtayapata Makumbusho, ni safari ya kama kilomita 70. Tokeni Jumamosi asubuhi mapema kabla barabara haijajaa, na mama asikubali gari ambalo atasimama hata dakika tano. Mkiweza kukodi gari dogo kutoka Kimara moja kwa moja, kodini.

Mrangi wa Kolo

Ndugu, nakuheshimu wewe na mama, ila naomba niulize. Kwa nini asirudi Haubi akasali kule?

Haubi si mahali padogo katika historia ya Kanisa letu. Marehemu Askofu Mathias Isuja, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jimbo la Dodoma, alizaliwa Haubi mwaka 1929, akawa askofu kuanzia 1972 mpaka alipostaafu 2005. Mama yako bila shaka anamkumbuka akiwa padri kijana. Na tangu 2011 Kondoa ni jimbo kamili, lililomegwa kutoka Dodoma. Sisi wa bara tumezoea kudhani kila kitu cha maana kiko pwani.

Mzee wa miaka 82 umpitishe kwenye treni, foleni na joto la pwani, na wakati huohuo kaburi la baba yake liko kijijini na padri anaweza kumwombea palepale? Nia ya misa haina umbali. Sikuzuii. Nakuomba tu ulifikirie.

Mama Zabibu (Mpunguzi)

Mbukwenyi, mwanangu. Swali lako nimelisoma nikiwa shambani, nikaweka mkasi chini, nikakaa kivulini nikujibu.

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, na ni mwana-WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania. Agosti 2022 nilimpeleka mama yangu mzazi Bagamoyo akiwa na miaka 79, naye alikuwa na sukari kama mama yako. Nianze na hilo la kufunga, maana ndilo nusura liniondolee mama.

Jumapili asubuhi pale nyumba ya wageni walituletea chai, chapati na mayai. Mama akasema tumbo limejaa, atakula tukirudi. Vidonge nilimpa mwenyewe, nikamwona anameza. Nilichoshindwa kukiona ni kwamba alikimeza kidonge kikavu, bila maji, kwa sababu usiku nilipolala alikuwa ameshaweka nia kwamba hakuna kitakachopita kooni kabla ya komunyo.

Tukaingia kanisani salama, tukakaa benchi la tatu kutoka nyuma. Utukufu aliuimba amesimama wima, na sauti yake ya pili ileile ya siku zote. Tulipokaa kusikiliza somo nikamshika mkono, nikaona umelowa. Halikuwa jasho la joto. Lilikuwa la baridi, kama umeshika chupa iliyotoka kwenye friji. Midomo inatetemeka. Namwita, ananitazama kama hanifahamu.

Nyuma yetu alikaa mama mmoja, mwenyeji, amejifunga kitenge cha WAWATA. Hakuuliza maswali. Alisema tu, "Huyu sukari imeshuka." Tukamtoa kwa mlango wa pembeni, tukamkalisha chini ya mwembe. Yule mama akakimbia nyumba ya karibu, akarudi na kikombe cha bati kimejaa maji, na sukari nyingi kiasi kwamba nyingine ilikuwa imekaa chini haijayeyuka. Kikombe cheupe, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi pale watu wanapowekea mdomo. Mpaka leo nikifumba macho nakiona. Tukamnywesha kidogokidogo, na ile sukari ya chini nikaikomba kwa kidole nikampaka ndani ya shavu. Baada ya kama robo saa akaniita kwa jina langu.

Ndipo akaanza kulia. Hakulia kwa ugonjwa. Alilia kwa sababu alikuwa amekunywa. Akaniambia, "Nimetoka Ugogo mpaka hapa, na sasa siwezi kumpokea Bwana." Sikuwa na la kumjibu, maana hata mimi nilikuwa najua tu kwamba siku hizi mfungo ni wa saa moja kabla ya komunyo, na alikuwa amekunywa sasa hivi.

Yule mama akaenda kumwita mzee katekista. Mzee akaja, akachuchumaa mbele ya mama yangu, akamwambia "Shikamoo mama" ingawa naye kichwa kizima ni mvi, kisha akamweleza polepole kama anayefundisha wakatekumeni. Kwamba alichofundishwa utotoni kilikuwa sheria kweli kwa wakati ule, kufunga tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Kwamba Papa Pius XII mwaka 1953 alitamka kuwa maji hayavunji mfungo, mwaka 1957 akaupunguza ukawa saa tatu, na Papa Paulo VI mwaka 1964 akaufanya saa moja kabla ya komunyo. Kwamba dawa haivunji mfungo. Na kwamba mzee na mgonjwa hata hiyo saa moja haiwabani, wala yule anayewauguza. "Kwa hiyo mama," akamwambia, "ungekunywa chai na chapati asubuhi, bado ungepokea. Na binti yako huyu pia."

Mama akamuuliza, "Nani amesema?"

Akamjibu, "Mama Kanisa."

Mama akajifuta uso na ncha ya khanga, akasema nimsaidie kusimama.

Niliporudi Dodoma nilimuuliza paroko wetu, akanifungulia kitabu cha sheria za Kanisa, kanuni ya 919, nikayasoma maneno hayo mwenyewe. Kwa hiyo mwanangu, usimwambie wewe. Ukimwambia wewe utakuwa kijana aliyelegeza. Mpeleke kwa paroko wenu mapema, wiki mbili kabla ya safari, amwambie yeye na kumwonyesha. Pia mpitishe kwa daktari wake, aseme vidonge vimezwe vipi siku za safari, maana daktari wetu alituambia kwamba vidonge vile juu ya tumbo tupu ndivyo vilivyomwangusha. Jumapili asubuhi kaa naye mezani mpaka sahani iishe. Na mfukoni uwe na pipi, si kwenye begi, mfukoni.

Sasa la mlangoni. Pole sana, limeniuma. Mimi nikisali ugenini nafika nusu saa kabla, wakati wanakwaya wanapanga vitabu na watumikiaji bado wanakimbizana na mishumaa. Namtafuta mzee wa kanisa au katekista, nasema, "Tumsifu Yesu Kristo, sisi ni wageni kutoka Jimbo Kuu la Dodoma, tumekuja kusali nanyi." Nataja parokia, nataja na jumuiya yangu. Mtu akisikia unataja jumuiya yako hakuoni tena mtalii, na mara nyingi atakutafutia yeye mwenyewe pa kukaa. Simu inakuwa imezimwa. Dari, madirisha na sanamu siviangalii mpaka misa iishe, maana jengo limekaa miaka mia na zaidi, litanisubiri saa moja na nusu. Ukianza na picha, wenyeji watakuweka kwenye kundi la wapiga picha, na hawatakuwa wamekosea.

Halafu bebeni kitu cha matoleo kutoka nyumbani. Bahasha pekee inatosha, lakini mzee atafurahi zaidi akibeba kitu cha kwao. Mimi nilibeba zabibu, kwa kuwa huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka na Agosti ni mavuno ya pili. Nilizichuma alfajiri bado zina ule unga mweupe juu ya ngozi, nikapanga vichala kwenye boksi na majani ya mzabibu kati ya tabaka na tabaka, nikalipakata kwenye basi njia nzima, maana SGR ilikuwa haijaanza. Tuliporudi ndani baada ya yale yaliyotupata, watu walikuwa wanapanga mstari wa matoleo. Kulikuwa na nazi, mihogo, mkungu wa ndizi, ndoo ya mchele. Mama akakataa kukaa. Mimi nikabeba boksi, yeye akashika kichala kimoja kwa mikono miwili, tukaenda hatua kwa hatua mpaka mbele. Punje moja ikadondoka, mtoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, akaiokota, akairudisha kwenye boksi.

Nakuambia haya kwa sababu zabibu kwangu si biashara tu. Divai ya misa lazima itokane na zabibu, haikubaliki ya tunda jingine lolote, na wamisionari ndio walioanza kuzipanda huku kwetu, pale Bihawana, miaka ya 1950. Shamba langu haliko mbali na hapo. Nilipoziweka mbele ya altare ile nilijisikia kwamba nimezirudisha kwa waliozileta.

Mama akapokea komunyo na utamu wa sukari bado mdomoni.

Kwenye matangazo paroko akasema wageni wasimame. Mama akasimama, akasema, "Mimi natoka Ugogo, mmenipa maji." Hakuongeza neno. Akinamama wakapiga vigelegele, na yule wa kikombe akainamisha kichwa.

Baada ya misa tukazunguka na kuona mnara wa kanisa la zamani. Kijana aliyetutembeza alisimulia habari za misafara ya pembe na watumwa iliyokuwa ikiishia mji huu baada ya kupita Tabora, Ugogo na Mpwapwa. Mama akamsimamisha. Bibi yake alikuwa akimsimulia juu ya wapagazi waliopita Ugogo wakinunua maji na nafaka, mistari mirefu hata huoni mwisho, na watemi wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Alikuwa amelisikia hilo utoto wake wote bila kujua wale watu walikuwa wanakwenda wapi. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu, chokaa ikamganda kwenye vidole. Akasema, "Kumbe njia ile ilikuwa inaishia hapa." Tukaenda kimya mpaka makaburi ya wamisionari. Huko aliomba nimsomee majina na umri wa kila mmoja, na kila nilipotaja kijana alisema, "Huyu naye mama yake alimsubiri."

Ndugu yetu wa Kolo, nimekusikia na una haki yako. Lakini mtu akishakuwa mzee anajua mwenyewe anakodaiwa. Mpelekeni.

Mzaliwa wa Bagamoyo (sasa Area D)

Mama Zabibu, asante. Nimewasomea wanangu sehemu ya kikombe.

Niongeze machache ili ndugu yetu asichanganyikiwe akifika. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji palepale misheni. Mnara uliosimama sasa ni mabaki ya kanisa lao la 1872. Humo ndimo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mwingereza, ulipolazwa Februari 1874, baada ya Susi, Chuma na wenzao kuubeba miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Misa haisomwi kwenye mnara. Inasomwa katika kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914. Watu wengi huuliza "kanisa la kwanza" wakapelekwa mnarani, wakakuta pametulia, wakadhani misa hakuna.

Kiingilio ni cha makumbusho. Misa haina kiingilio, si hapo tu, popote. Mkishuka kwenye bajaji mwambieni dereva awafikishe kanisani moja kwa moja, asiwaache kwenye makumbusho, kwa sababu huko ndiko wanakoshushwa wageni wengi na ndiko mkanganyiko unakoanzia. Makumbusho na mnara vifuate baada ya misa, kabla jua halijawa kali, au Jumatatu asubuhi kabla ya kuondoka. Msalaba wa ufukweni, pale walipotua, uko mbali kidogo kwa mzee kutembea. Chukueni bajaji tena.

Na kuhusu babu. Jumamosi mkifika, pitieni ofisi ya parokia mkaandikishe nia ya misa kwa jina lake. Jina litasomwa kabla ya misa kuanza na mama atalisikia kwa masikio yake. Mkienda mtakuta pia Bagamoyo sasa ni jimbo, liliundwa 2025, kwa hiyo kwenye sala ya Ekaristi mtasikia jina la askofu wao wenyewe. Sisi wenyeji bado tunalifurahia hilo kila Jumapili.

Ndugu wa Kolo, kuna kitu kitakufurahisha. Mwaka 1935 Dodoma ilipofanywa Prefektura ya Kitume, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijawa jimbo, na kukabidhiwa wamisionari Wapasionisti kutoka Italia, sehemu ya eneo lake ilimegwa kutoka Vikarieti ya Bagamoyo, nayo pia eneo la kimisionari wakati huo. Kwa hiyo babu yule hakuwa anatamani pwani kwa sababu ni pwani. Alikuwa anatamani kufika nyumbani kwa waliomlea katika imani.

Mrangi wa Kolo

Nimekubali. Hilo la 1935 sikulijua. Ila kaka, mkitoka Bagamoyo mpeleke na Haubi akamsimulie baba yake kaburini. Nitawapokea Kolo, mtalala kwangu, na kuna michoro ya mapangoni mama akitaka kupumzika njiani na kuitazama.

Mjukuu wa Katekista (Nkuhungu, Dodoma)

Ndugu zangu, nimekaa siku tisa bila kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya mliyoniambia. Asanteni sana. Mama Zabibu, Mungu akulinde, na pole kwa siku ile.

Mrangi, nilimsomea mama ulichoandika mara ya kwanza. Akasema, "Haubi nimesali maisha yangu yote, na baba alisali huko maisha yake yote. Ndiyo maana nataka kwenda alikoshindwa kwenda." Mwaliko wako ameupokea kwa mikono miwili. Anauliza kama Kolo bado kuna watu wa ukoo wa mama yake, nitakuandikia pembeni.

Jumatano nilimpeleka kwa paroko. Sikuingia, nilikaa nje kwenye benchi. Walikaa kama dakika arobaini. Alipotoka hakuniambia kitu, akaingia kwenye bajaji. Tulipopita sokoni Majengo akasema nisimamishe, akanunua unga wa ulezi kilo mbili. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema, "Wa uji wa safari. Padri amesema nile."

Daktari tumeonana naye jana, ametupa maelekezo ya vidonge kwa maandishi, nimeyabandika ndani ya kifuniko cha mfuko wake wa dawa. Tiketi nimekata. Zabibu nitaziagiza kwako Mama Zabibu, kama mavuno yatakuwa tayari, niambie bei na siku ya kuja kuzichukua.

Kuhusu nia ya misa, jana usiku alinikalisha na karatasi nimwandikie jina la babu. Nikaandika jina tunalomwita nyumbani. Akalisoma polepole bila miwani, akanirudishia. Akaenda chumbani, akarudi na kile kibahasha cha ngozi anachokiweka chini ya godoro, akatoa cheti cha ubatizo cha baba yake, kimekunjika mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Akanionyesha herufi moja baada ya nyingine kwa kidole, nikanakili. Alipohakikisha zote ziko sawa, alikunja karatasi yangu ndani ya cheti, akavirudisha vyote pamoja kwenye kibahasha.